Moyo wa Kaka na Dhikri Iliyofichwa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeutia moyo kifuani na kuuamrisha udunde kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Yeye ndiye aliyetunusuru na mpwa wetu.

Mpwa huyu ni mtu mzima, mwana wa dada yetu, ana ofisi yake Mji Mkongwe. Tangu aijue akili mnemba hazungumzi nasi tena, anatuhutubia. Kaka yangu mkubwa alipoanza kukatika pumzi akipanda ngazi, mpwa ndiye aliyempeleka hospitali, akaonekana ana valvu ya moyo inayovuja. Wakambandika kifuani kidude cha kurikodi mapigo, akae nacho nyumbani siku chache, kisha kompyuta yenye hiyo akili isome na kuwashauri madaktari: apasuliwe au asubiri.

Majibu yakatoka. Ijumaa baada ya alasiri moyo ulikwenda mbio kupita kiasi, hali ya kuwa mgonjwa amepumzika. Shauri la mashine, na ndilo pekee tuliloambiwa sisi: apasuliwe haraka.

"Mjomba, hii haikosei," mpwa alisema, kidole juu kama khatibu. "Imeshasoma mioyo mingi kuliko nywele za kichwani mwako."

"Nywele zangu zilishakwisha," kaka akamjibu. "Itakuwa haijasoma hata mmoja."

Tukacheka. Lakini kwa umri wake, angefunguliwa kifua, pengine asingeamka.

Barazani nako hakukuwa na nafuu. Wazee wenzangu walitoa fatwa kwamba mashine ni kazi ya shetani, na hao hao huiomba iwaandikie hotuba za harusi.

Tulipokwenda hospitali, daktari wa upasuaji, mwanamke kijana, alituamkia, kisha akamgeukia kaka.

"Babu, Ijumaa ile alasiri ulikuwa unafanya nini?"

Mpwa akadakia: "Nshaandika kwenye fomu, alikuwa amepumzika."

"Muongo huyu," kaka akasema. "Nlikuwa zawiyani, kwenye dhikri."

"Ya kukaa au ya kusimama?"

"Ya kusimama, mwanangu. Mimi ndiye ninayeongoza."

Daktari akaweka kalamu chini. Mtoto wa Unguja yule, hakuhitaji kuelezwa: humo zawiyani, nyumba ya ibada ya tarika, wanaume safu kwa safu wanamtaja Mungu, wanainama na kuinuka pamoja, pumzi zinatoka chini kabisa ya kifua, jasho linachuruzika. Moyo gani usingekwenda mbio?

"Kwa nini uliandika amepumzika?" akamuuliza mpwa.

"Nliona... mambo ya kizamani, daktari. Si ya kutajwa hospitali."

Mashine nimeisamehe, ilisoma ilichopewa. Huyu anayeinyenyekea ndiye aliyeilisha uongo, na alikuwa tayari mjomba wake achanwe kifua ili yeye asionekane mshamba. Nimesomesha Kurani chuoni watoto wazito wa kichwa miaka mingi, sijapata kumuona wa kumfikia.

Kipimo kikarudiwa, safari hii kila jambo likaelezwa. Mashine ile ile ikasema asubiri, na daktari, baada ya kutazama kwa macho yake, akakubali: dawa, na dhikri ya kukaa. Alhamdulillahi, kaka yupo, anaongoza akiwa kitini.

Mpwa bado huja kutuhutubia habari za mashine mpya. Tunamnywesha kahawa, tunasubiri amalize, kisha kaka humwambia: "Haya, iambie nimepumzika."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akujaalie moyo mzima, na jamaa asiyekuonea haya.