Chuma chenye nilikataa nyuma ya réservoir

Batu wangu, niko muzima, mais hata sasa sielewi.

Leo asubui, pale Kimemi, camion kubwa ya mbao ilikosa frein, ikashindwa kusimama, ikagonga gari yangu kwa nyuma.

Munaijua: ile kadogo ya mbio, ya viti mbili, nyepesi sana. Réservoir, tangi ya essence, iko nyuma ya kiti yangu kabisa.

Nyuma yote ilikunjamana. Batu bakapiga makelele: "Toka! Itawaka!"

Nikakimbia. Nikangojea.

Hapana moto. Hata arufu ya essence, hapana.

Nikarudi polepole, nikalala chini, nikachungulia. Réservoir iko nzima! Chuma moja nene, ya rangi nyeusi, ndiyo ilipokea ile pigo.

Mais ile chuma nilimwambia Mama Masika, fundi wangu wa kusudea vyuma, aitoshe, aiondoe kabisa, tangu mwezi uliopita! Nilimwambia inaongeza uzito bure. Akaitika: "Sawa, Papa."

Nikamupigia simu palepale.

"Mama Masika, chuma ulitosha ao hapana?"



"Niliitosha, Papa. Nikafika nyumbani, nikawaza ile réservoir iko wazi nyuma ya mugongo yako. Kesho yake nikairudisha bila kukuambia. Unisamehe."

Donc yeye mwenye aliniokoa njo anaomba musamaha?

Machozi ikaanza kutoka mbele ya batu wote, nikakata simu bila kusema hata aksanti.

Mutu kama huyu, mungemugombeza ao mungemupelekea kuku ya aksanti? Niambieni, juu nimeshika simu tangu saa sita na sijui nianze na neno gani.