Naam Iliyotaka Kunitia Kitanzini

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata jua lake nalijua lilikuwa wapi: limesimama juu ya vichwa vyetu, nasi mabaharia saba wa Unguja tumepangwa mstari katika boma la Mjerumani, huko bara ambako harufu ya bahari haifiki. Tulikuwa mateka. Meli yetu ilikuwa ya mizigo tu, na mimi mtia makaa. Vita vilipoanza ikakamatwa, na sisi tukachukuliwa pamoja na magunia ya mbata.

Kusema kweli hatukuteswa sana. Tulikata kuni, tukateka maji, tukala ugali wa mtama. Mimi mtoto wa mjini, nilozoea wali, siku ya kwanza niliukataa. Siku ya tatu nikaomba nyongeza.

Mshika usukani wetu alikuwa Mzee Makame, Mtumbatu wa kisiwani. Kila jabali la baharini akilijua kwa jina, lakini mimi nilichokiona kwake ni lafudhi yake tu. Akisema neno, nami nalirudia nikilivuta, wenzangu wacheke. Sisi wa mjini tukijiona ndio wenye Kiswahili, wengine wamekiazima. Ujinga wa ujana huo.

Basi siku hiyo ofisa alitaka kujua nani katika sisi alikuwa akizipa manuwari za Waingereza ishara kwa taa, kabla meli yetu haijakamatwa. Atakayepatikana ni kunyongwa. Mkalimani, mtu wa bara, akatuuliza mmoja mmoja. Mimi sina habari, nimo kumnong'oneza jirani yangu, namwigiza Mzee Makame anavyoomba maji. Mara nikasikia jina langu: "...Salum?"

"Naam!" nikaitika, tena kwa sauti.

Ofisa akaandika. Askari wawili wakanishika mikono.

"Mnanipeleka wapi?"

"Si umekubali mwenyewe?" akasema mkalimani. "Nimekuuliza, ni wewe uliyekuwa ukitoa ishara, Salum? Ukasema ndiyo."

Kumbe kwake yeye naam ni ndiyo basi. Na kwetu pia huwa ndiyo, sikatai, lakini mwanamume wa Unguja akiitwa jina lake huitika naam, hata kama anaitwa akapigwe. Bibi yangu wa Kikwajuni alinifunza hilo kwa ufagio. Ukimwitika "nini?" ufagio ushakufika, na alikuwa na shabaha yule bibi, Mungu amrehemu. Nilitaka kuyaeleza haya yote, lakini askari walishaanza kunikokota.

Aliyetoka mstarini ni Mzee Makame.

"Bwana, huyu kaitika, hajakubali. Yupo mwenzetu jikoni, Khamis, hajui kinachopita huku. Mwite jina lake tu, usimuulize kitu."

Mkalimani akapaza sauti: "Khamis!"

Kutoka kwenye moshi ikaja: "Naaam!"

"Haya," akasema Mzee Makame, "mnyongeni na huyo, halafu mtapikiwa na nani?"

Mkalimani akacheka, akamfasiria ofisa, naye akacheka mpaka akavua kofia. Nikaulizwa upya, polepole.

"Hapana, bwana," nikasema. "Mimi mtia makaa. Hata taa ya nyumbani huiwasha mama."

Likafutwa jina langu. Nikamwendea Mzee Makame nimbusu mkono. Akauvuta.

"Lafudhi yangu imekuchekesha miezi mitatu," akasema. "Leo ilikuwa ikuue ya kwako. Heri kujikwaa dole, Salum, kuliko kujikwaa ulimi. Nenda kateke maji, na zamu yangu pia."

Nikaiteka zamu yake mpaka siku tuliyofunguliwa, na wallahi sikuyaona mazito. Nilikuwa hai, na nimepata baba. Jioni tukikaa, ananifunza majina ya majabali, nami nayatamka kama anavyoyatamka yeye.

Basi mwanangu, nakwambia waziwazi. Ukiitwa itika, ndio adabu, lakini sikio litangulie ulimi, ujue unaitikia nini. Na usimcheke mtu kwa anavyosema. Neno lako tamu la nyumbani, hatua chache tu mbele, lina maana nyengine, na atakayekufasiria huenda ni yule yule uliyemfanyia kejeli.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito, akukutanishe na watu wenye subira nawe, na kila uendako akurejeshe kwenu salama. Amin.