Bibi Alipopasuliwa Kifua

Bibi yangu, mama yake baba, alinilea ghorofa ya pili ya nyumba moja ya Mji Mkongwe. Ngazi zake za mbao zilikuwa kali, na yeye alizipanda na kapu lake la sokoni Darajani huku anaongea, sisi watoto tunahema nyuma yake. Hata leo nikimkumbuka, kwanza naisikia ile sauti inatangulia kuingia ndani.

Alipopindukia miaka themanini kikohozi kilimganda. Picha zikaonesha uvimbe kwenye pafu la kulia. Ami yangu hakutaka kusikia habari ya kisu.

"Mama mtu mzima, mwacheni apumzike."

"Mimi nipo hapa hapa," Bibi akasema. "Niulizeni mimi."

Tukavuka naye hadi Dar es Salaam. Daktari, mwanamke wa makamo, alimwamkia shikamoo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza bila kumficha: moyo wake ulikuwa na nguvu, lakini kwa umri ule wengine hupata homa ya mapafu baada ya kupasuliwa, na wengine hawarudi kama walivyokuwa.

"Nkitoka humo, ntapanda ngazi zangu?"

"Siwezi kukuahidi, bibi."

"Basi ntakaa chini. Nipasue, mwanangu."

Wakamtoa kipande cha pafu. Siku za mwanzo alichanganyikiwa, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, nami naitika "Naam" tu. Kukohoa kulimuuma mno, na asingekohoa makohozi yangemziba. Nikawa namshikia mto kifuani, anaukumbatia pamoja na mikono yangu, anakohoa, analia, ananitukana, kisha tunacheka.

Alipona, lakini kule juu hakurudi tena. Tulimhamishia kwetu Mpendae, nyumba ya chini. Pumzi ilikuwa imepungua. Hadithi aliyokuwa akiimaliza kwa mkupuo mmoja sasa aliisimulia kwa vituo, nami nilijizoesha kungoja. Hadithi zake nyingi ninazozijua nilizipata wakati huo.

Siku moja tulimpeleka Uroa, maji yamekupwa. Akataka kutembea mchangani. Alikwenda kidogo, akasimama, akanishika bega, akaenda tena, mpaka tukayakuta maji.

"Nshafika," alisema. Akapandisha kanga yake, akaingiza miguu.