Mwosha Hakuulizwa

Mimi ni msomaji mkorofi, nakiri mwenyewe kabla sijasemwa. Ninasoma riwaya za upelelezi zinazouzwa na waandishi wenyewe, zile zisizo na mchapishaji wala duka. Unamwandikia mwandishi, unalipia kwa simu, anakutumia faili, unasoma ofisini huku makaratasi ya watu yakikungoja mezani. Hapa Wete ukitaka riwaya mpya usihangaike kuzunguka madukani. Simu ndiyo maktaba yangu. Kioo chake kimepasuka pembeni, na nimesoma vifo vya watu wengi sana kupitia huo ufa.

Nimesoma mpaka najua maradhi ya kila mwandishi. Yuko mmoja ambaye shujaa wake ana jina moja mwanzoni na jina jingine kuanzia sura ya tisa, na hakuna anayeshtuka, hata mkewe. Yuko anayemleta muuaji katika ukurasa wa mwisho, mtu ambaye hatujawahi hata kumsalimia. Yuko bwana wa bastola; kwake hakuna mlango unaofunguliwa bila bastola, utadhani watu wa Dar es Salaam wanakwenda nazo kununua nyanya. Majalada ndiyo usiseme. Mwanamke wa Kizungu, damu, na mji wa maghorofa ambao haumo kabisa katika hadithi. Na katika vitabu vyote hivi, mwanamke akifa, ukimtafuta muuaji anza na mumewe, utaokoa muda.

Lakini nawapenda. Wanaandika bila mhariri na bila mshahara, wengine kwa kidole gumba kwenye simu mbovu kuliko yangu, na mara moja moja unakutana na sura inayokufanya usahau chai mpaka ipoe. Kwa sura hizo nawasamehe bastola zote.

Tuna kundi la wasomaji kwenye simu. Mtu akimaliza kitabu anaandika maoni yake, na waandishi wenyewe wamo humo humo, wanasoma kimya. Maoni yangu yanaogopwa, na sitasema uongo, nilikuwa naona raha kuogopwa.

Kitabu kilichonivuruga kilikuwa kizuri, hilo ndilo tatizo lake. Kilihusu kisiwa kisichotajwa jina. Mwanamke anaamka mzima, adhuhuri amekufa, na kabla ya alasiri kuisha ameshazikwa. Mumewe analia mbele za watu, kisha arobaini ikipita anavuka kwenda bara na kuoa. Miaka mitatu baadaye anakuja mpelelezi. Anamhoji jirani, anamhoji mwenye duka, anamhoji hata muuza mkaa. Mwishoni tunaambiwa kuwa mume alimkaba mkewe kwa kanga. Nilikimaliza kwa siku moja na nusu, nikakasirika, nikaandika.

Niliandika hivi: "Hongera mwandishi, lugha yako tamu, lakini umetudanganya mchana kweupe. Maiti wetu haendi kaburini hivi hivi. Huoshwa. Huyu mwanamke aliguswa shingo na wanawake wenziwe kabla hajavishwa sanda, na aliyekabwa kwa kanga hakosi alama. Mpelelezi wako kauliza mpaka muuza mkaa, lakini mwosha hakuulizwa. Najua ninachosema, mama aliyenilea anaosha maiti."

Watu wakanipongeza kwa vidole gumba. Nikajiona mwanachuoni.

Baada ya muda mwandishi akajibu, kwa upole ulioniudhi zaidi. "Dada, nilimfikiria mwosha, na nikaenda kumuuliza mmoja. Akaniambia kuwa wakiona jema kwa maiti hulisema, wakiona baya hulificha mpaka wafe nalo. Ndiyo maana nikamwacha nje. Angeulizwa, angenyamaza, na mimi ningekwama."

Nikaiweka simu chini. Alisema kweli, na nilikuwa naijua hiyo kweli tangu utotoni. Nilikuwa naijua, lakini sikuwahi kuihusisha na mambo yangu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Asubuhi alinisuka nywele akanipeleka chuoni kusoma Kurani. Adhuhuri nikaja kuchukuliwa, nikamkuta amefunikwa. Wakasema homa. Baba alikaa mpaka arobaini ikasomwa, kisha akavuka kwenda Tanga kutafuta kazi, akaoa huko, akabaki huko. Mama mdogo, nduguye mama wa kumfuatia, ndiye aliyenichukua kwao Mgogoni akanilea. Yeye ndiye mwosha niliyejivunia kwenye kundi. Na maiti wake wa kwanza, kila mtu wa ukoo anajua, alikuwa mama yangu.

Sasa, nimekwenda na mama mdogo kwenye misiba mingi. Nimemwona anatoka chumba cha kuoshea, kanga imeloa mpaka magotini, anawatafuta mabinti wa marehemu kwanza kuliko mtu yeyote. Huwashika mikono, akawaambia: mamenu uso wake ulikuwa umenawiri. Au: mwili ulikuwa mlaini kama wa mtoto aliyelala. Nimeona mabinti wakilishika neno hilo moja na kusimama nalo. Mimi, kwa zaidi ya miaka thelathini, hajaniambia lolote. Hata kwamba uso ulikuwa uso.

Jema husemwa, na kwangu halikusemwa. Nikafanya kile ambacho msomaji wa vitabu hivi angefanya, nikajumlisha.

Nilijiona mjinga na nikaendelea. Niliandika maswali nyuma ya fomu ya ofisi. Nani alikuwa nyumbani asubuhi ile? Kwa nini alizikwa haraka? Nikajijibu kwamba kwetu kila mtu huzikwa haraka, kisha nikaliandika tena swali lile lile. Mume wa kwenye kitabu alilia mbele za watu. Nikajaribu kukumbuka kama baba alilia, nikakumbuka viatu vyake tu mlangoni. Kichwa kilikuwa kimejaa moshi. Nilikuwa nasoma ukurasa mzima wa kitabu kingine nikifika chini sijui nimesoma nini.

Baba hunipigia kila Ijumaa baada ya sala. Hatuna mengi, salamu, mvua, bei ya karafuu, na dua. Ijumaa ile nilimkatiza katikati ya mvua nikamuuliza mama alikufa na nini.

"Homa," akasema. Kisha akaongeza, "Kwani kuna nini?"

Mtu mwingine angeona ni swali la mzee aliyeshtushwa. Mimi nimesoma vitabu karibu mia, na katika vitabu hivyo anayeuliza "kwani kuna nini" ndiye mwenyewe. Nikamwambia hakuna kitu. Ijumaa iliyofuata simu ilipolia niliitazama mpaka ikanyamaza, na iliyofuata tena hivyo hivyo. Akanitumia ujumbe: "Mwanangu mzima? Nimekukosea?" Niliusoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote na sikuelewa kama ni wa mtu mwema au wa mtu mwenye hofu. Hapo ndipo nilipojua kuwa jambo hili si la kundi tena. Ama ningempokelea baba simu tena, ama nisingempokelea maisha, na aliyekuwa na jibu alikuwa mtu mmoja tu.

Jumamosi asubuhi nikaenda Mgogoni. Nilimkuta mama mdogo barazani anasuka ukili, miguu ameinyoosha, mkeka ameufikisha nusu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza watoto, akaniuliza kazi, akaniuliza mbona nimekonda. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga kuanzia mbali, kama wapelelezi wanavyoanzia, kwa hiyo nikamsimulia kile kitabu chote, kisiwa, mume, kanga na muuza mkaa.

Akacheka kwa muuza mkaa. "Huyo mwandishi ana akili," akasema nilipofika mwisho. "Mkosha haulizwi."

"Mimi nakuuliza, mama."

Vidole vyake vikasimama. Nadhani alishajua kabla sijamaliza, maana alinitazama namna alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na nimevunja kitu.

"Siku ile ulipomuosha mama," nikasema, "ulimwona vipi?"

Mtu wa kwetu haulizi swali hilo. Hata wenye misiba, hata mabinti wanaolia, wanasubiri waambiwe. Wasipoambiwa, wanakwenda zao na kimya chao. Nililiuliza kama vile nimetumwa na polisi, asubuhi kweupe, na jirani anapita na ndoo ya maji. Niliona aibu inanipanda na sikurudi nyuma.

"Mwanangu, haya si maneno."

"Wenzangu wote unawaambia. Hakuna binti wa maiti wako ambaye hukumpa neno. Mimi umeninyima. Kama hukuwa na jema la kusema, basi uliona baya, na kama uliona baya, nataka kujua nani alilifanya. Baba ananipigia simu sijui nimpokelee au nisimpokelee."

Nilitegemea ghadhabu. Mama mdogo ana ghadhabu za kutosha kijiji kizima. Badala yake alikunja ukili wake taratibu, akauweka kando, na machozi yakamlenga. Sikuwahi kumwona hivyo, hata misibani.

"Hukunyimwa," akasema. "Mie sina cha kukupa. Sikumwona mamako."

Nikamwambia sielewi.

"Sikumkosha mie. Alokosha n'bibi mmoja wa hapa hapa, kafa zamani. Mie nlishika kata tu, nimimine maji. Nlikuwa ntoto wa miaka kumi na saba, na yule n'ndugu yangu. Tangu nguo ilipofunuliwa nlifumba macho. Maji yote nkammiminia bibi wa watu miguuni. Akanigombeza, 'Fumbua macho wee!' Sikufumbua. Mpaka wanamvisha sanda mie nimefumba." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Watu wakasema kamkosha dadake, shujaa. Nkanyamaza. Kisha nkaona haya, nkajifunza kukosha. Hawa wote n'naowakosha, macho wazi, n'kwa ajili ya yule mmoja. Ningekwambia uso wa mamako ulinawiri, ningekudanganya. Wengine siwadanganyi. Na weye sikutaka kukudanganya."

Nilikwenda kutafuta kosa la mtu mwingine, nikapewa la kwake, nalo lilikuwa dogo kiasi hicho, la msichana aliyeogopa. Nilitaka kumkumbatia. Papo hapo, Mungu anisamehe, msomaji aliye ndani yangu akanong'ona kuwa hivi ndivyo mwosha hodari angeficha: asingesema hakuna alama, angesema hakutazama. Nikamtazama machoni nitafute uongo. Yalikuwa macho mekundu ya mwanamke mtu mzima aliyetoka kulia, sikuweza kusoma zaidi ya hapo. Nilimwamini. Kisha sikumwamini. Kisha nikamwamini tena, na hivyo ndivyo nilivyo mpaka leo.

"Usimwambie ntu," akasema. "Mie nimezeeka na jina hilo."

Nikamwahidi.

Akanishika goti. "Nami nikuulize. Hivo weye, ulitaka nikwambie n'nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie nilitaka ukweli. Neno lilikuwa tayari, ni neno zuri, vitabu vyote vinaishia nalo. Halikutoka, kwa sababu halikuwa kweli. Nilitaka alama iwepo. Nilivuka njia yote ile kutoka Wete nikiomba niambiwe kuwa shingoni mwa mama kulikuwa na mstari wa kanga. Mtu aliyemuua mkewe ana sababu ya kumkimbia mwanawe wa miaka minane na asirudi kumchukua. Angeogopa kuyatazama macho yake, na mimi ningemwelewa.

Lakini kama ilikuwa homa, basi baba aliniacha tu.