Baba Zawadi Amekuja Peke Yake

Leo Baba Zawadi amekuja ziwani bila mtoto.

Kwa msiojua, kila Jumamosi sisi akina baba wa mtaani kwetu Kasingirima tunashuka ufukweni kucheza na watoto wetu wadogo. Zawadi tulimzika mwezi uliopita. Malaria ilimpanda kichwani.

Tulipomwona baba yake, tukaenda kumpa mkono.

Akasema, "Jamani, nyumbani pamenishinda. Nimekuja kuwatazama tu."

Zikafika mbio za kubeba watoto mabegani. Binti yangu Rehema, ana miaka minne, akagoma kupanda mabegani kwangu.

"Leo nataka nibebwe na Baba Zawadi."

Nilitamani ardhi inimeze!

Lakini yeye akachuchumaa, Rehema akapanda, tukaanza kukimbia, mimi kando yao bila mtoto.

Katikati ya njia akapiga magoti mchangani, analia.

Rehema akamwinamia palepale mabegani. "Mimi mzito kuliko Zawadi?"

"Hapana, mama. Mko sawa tu."

Hakuna baba aliyemaliza mbio. Wenzangu walisimama na watoto wao mabegani.

Jumamosi ijayo nimpitie kwake tuje wote, au nimwache kwanza? Nyie mngefanyaje?