Farghali na Mkanda wa Nne

Saa moja asubuhi, Farghali Desouki anatoka baharini na kupanda kwenye tishari la kazi, maji yakimchuruzika. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anamaliza chai kwanza.

"Tope limerudi," anasema. "Jana nimechimba, leo nakuta kama sijachimba."

"Au ulilala huko chini, babu?" anamtania Helmi, anayemshikia kamba anapozamia.

"Shuka wewe ukalale, tukuone."

Chini yao, mita thelathini na nne, imelala nyambizi ya jeshi iliyogongwa na meli ya mizigo wiki sita zilizopita. Mabaharia kumi na mmoja wamo ndani. Farghali, mzamiaji wa miaka hamsini na mitatu, anachimba vichochoro chini ya tumbo la nyambizi ili ipite mikanda minne ya chuma ya kuinyanyulia. Mitatu imepita. Wa nne, wa mkiani, ndio unaomtesa. Wakiinyanyua kwa mitatu, itakatika.

Na dhoruba iko njiani. Watu wa Anfushi, mtaa wake wa pwani, wanazijua dhoruba za majira ya baridi kwa majina. Hii ni Ufagio, na zimebaki siku nne.

"Ufagio ukipita, mashimo yote yamefukiwa," anasema.

Lakini kinachomchosha zaidi si tope. Siku ya pili baada ya ajali alitumwa kugonga ubavu wa nyambizi kwa nyundo. Aligonga mara tatu. Akasikia kunagongwa mara tatu. Alipoibuka hakumngoja afisa wa jeshi anayesimamia kazi. Alipaza sauti palepale majini kwamba wako hai. Mtaani wanawake wakagawa sharubati ya furaha.

Jioni alishuka tena. Kumbe ulikuwa mnyororo uliolegea, mkondo ukiupigisha kwenye chuma.

"Unagonga hata usipogonga wewe," anasema, akiangalia viganja vyake. "Mimi nilihesabu nilichotaka kuhesabu."

Jirani yake, Mama Tharwat, ana mwana ndani ya nyambizi hiyo. Ndiye aliyegawa sharubati kuliko wote. Kila jioni humngoja kwenye ngazi za nyumba na bakuli la maharagwe.

"Baba Nagla, leo?" humuuliza, akimwita kwa jina la binti yake.

"Bado, Mama Tharwat."

"Basi kula. Umekonda kama msumari."

Habari ya sharubati hajaitaja hata siku moja.

"Angenitukana, ningepumzika," anasema Farghali.

Adhuhuri atashuka tena. Mkanda wa nne ukipita, Mungu akipenda, nyambizi itapanda nzima, na yeye ataacha kuzamia. Amemwomba afisa jambo moja tu.

"Akitolewa Tharwat, niende mimi. Safari hii sipazi sauti. Nitamwona kwanza kwa macho yangu, ndipo nikagonge mlango wa mama yake."