Pampu ya Magamba na Ushahidi wa Kifuani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi pale Magamba, nikiwa mke mgeni na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilikuwa naenda kisimani, nikalikuta lori limeegeshwa penye pampu yetu ya maji na vijana wanaipakia. Diwani wetu alikuwa hapo hapo, amekunja mikono ya shati, anaelekeza. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri tu, akasema inaenda kutengenezwa mjini. Nikamwambia safari njema.

Pampu haikurudi. Nyie mnafungua bomba na kulalamika maji hayana kasi. Sisi tulirudi kwenye madimbwi ya mtoni, tukichota maji pamoja na ng'ombe, na matumbo ya watoto yakatuambia tulichokuwa tunakunywa. Wangu aliugua hadi nikakata tamaa. Mungu aliniachia, namshukuru.

Kisha watu waliotoka Kibaoni wakaleta habari kwamba pampu yetu inamwagilia mpunga wa diwani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Polisi wakaenda, wakaikuta, wakaichukua, na diwani akafikishwa mahakamani Mpanda. Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia, na watu walikuwa wamepata kiu ya kuona kiongozi akiulizwa jambo. Mimi niliandikwa shahidi, kwa kuwa nililiona lori kwa macho yangu.

Siku kesi ilipoanza tulijazana mpaka nje. Wakili wa serikali, kijana mwembamba aliyetoka Sumbawanga, akasimama na kueleza mashtaka. Pampu hakuileta, wala hakuitaja iko wapi. Wakili wa diwani akadakia hapo hapo, akauliza ni wizi gani huo ambao kilichoibwa hakionekani. Kesi ikaahirishwa. Tulipotoka tukawaona wale mawakili wawili mgahawani, meza moja, wanakunywa chai na kucheka.

Basi tena. Njia nzima ya kurudi Magamba ilikuwa maneno hayo: wameshaelewana, pampu imefichwa, wasomi ni wamoja. Nami nilisema kama wengine, pengine kuwazidi. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama mkwe wangu kwamba siku ikifika sitakwenda kutoa ushahidi. Nimwache mtoto mgonjwa, nikadhihakiwe kizimbani kwa kesi iliyokwisha kuuzwa?

Mama mkwe alikuwa wa kabila la Wapimbwe, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa anapeta mchele, na hakuacha kupeta. Aliniuliza kama nimewasikia wale mawakili walichozungumza kwenye chai yao. Nikasema hapana, nimewaona tu wakicheka. Akaniuliza kama kuna aliyemwuliza yule kijana pampu iko wapi. Nikasema hakuna. Ndipo akauweka ungo chini.

"Mkwe wangu, unamlaumu wakili kwa kuficha ushahidi. Na huo ulio kifuani mwako, unaufanya nini?"

Akaendelea, kwa sauti ile ile ya upole: "Labda kaficha, labda hakuficha. Mimi simjui. Lakini wewe nakujua, na ukikaa hapa siku hiyo, wa kuficha mtakuwa wawili."

Mwanangu, nimekemewa na wengi maishani, ila hakuna kemeo lililoniingia kama lile. Hata hasira haikunijia. Nilichukua ungo nikamalizia mchele.

Siku ilipofika mama mkwe alimbeba mtoto mwenyewe, tukaenda pamoja na wanawake wa kitongoji. Barazani pa mahakama alimfuata yule wakili, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza waziwazi pampu iko wapi. Kijana akamjibu kwamba mambo ya kesi hawezi kuyazungumza nje, tena mbele ya shahidi. Wenzetu wakaguna. Mama mkwe akamwambia, "Sawa baba, utayasema ndani. Sisi tupo," akaingia akakaa benchi la mbele.

Nikaitwa. Nilisema nilichokiona: lori, vijana, diwani na mikono yake iliyokunjwa, na maneno aliyoniambia. Wakili wake akanijia juu. Pampu ninayoisema iko wapi? Mbona siioneshi?

"Mheshimiwa," nikamgeukia hakimu, "hilo ndilo swali letu sote tuliokaa hapa. Mimi nimeleta nilichonacho."

Watu wakanong'ona, hakimu akawanyamazisha. Kisha akavua miwani, akamgeukia wakili wa serikali, akamwuliza swali lile lile. Kijana akaeleza kwamba pampu imehifadhiwa Sumbawanga ili isipotee, na kwamba mvua imekata barabara. Hakimu akamwambia hilo alipaswa kulisema mapema, akaamuru iletwe.

Ikaletwa. Lori lilipita Kibaoni na Sitalike likafika mjini limepakwa tope hadi madirishani, na pampu ikashushwa mbele yetu. Diwani aliitazama mara moja, akainamisha kichwa. Alifungwa, na maji yakarudi Magamba kabla ya mavuno.

Baada ya hukumu yule wakili alikuja kumwamkia mama mkwe. Akatuambia kwamba pampu peke yake ilikuwa chuma tu. Diwani angesema ameinunua popote. Kilichomfunga ni yule aliyemwona akiiondoa.

Njiani nilimwuliza mama mkwe kama anaamini kijana angeileta bila sisi kuuliza. Akacheka. Akasema hajui, na halimnyimi usingizi.

Sasa nawasikia nyie jioni, taarifa ya habari ikiisha, mnavyosema mawakili wa kesi fulani kubwa wamekalia ushahidi. Siwaambii muwaamini. Joho jeusi halimfanyi mtu mkweli, na mficha uchi hazai. Shaka ni haki yenu. Lakini shaka iliyokaa kibarazani ikinywa chai haijawahi kumrudishia mtu maji. Ipelekeni kwa mwenye kujibu, mwulizeni mbele za watu, kwa adabu, kisha kaeni benchi la mbele mpaka ajibu. Na kabla ya kumpekua mwingine, jipekue wewe: uliyoyaona umeyasema? Ukiyasema na bado haki ikapinda, aibu itakuwa ya aliyeipinda.

Nimezeeka vizuri, nashukuru. Yule mtoto wa mgongoni sasa amenipa wajukuu, na nikipita sokoni namtazama kila mtu machoni. Mungu awape nanyi, wanangu, ulimi usioogopa kweli, subira ya kukaa mpaka jibu lije, na uzee usio na neno la kumeza.